Ekseli ya Nyuma ya Roketi

Haya nitakayoeleza ni kweli tupu. Naapa kwa kengele ya kigango chetu, na kwa meno yangu manne ya juu ambayo ndiyo yaliyobaki. Mtu akikuta humu neno moja la uongo, aje nyumbani anidai.

Naitwa Frednand Bigirimana. Nilizaliwa Ntobeye, Ngara, lakini baada ya kustaafu nilinunua shamba huku Runazi, upande wa Biharamulo, kwa sababu huku hakuna aliyenijua nikiwa kijana. Mtu mwenye simulizi kama zangu hawezi kuzeekea mahali ambapo watu wana kumbukumbu.

Miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi kwenye mizani ya barabara kuu, nikipima malori yaendayo Rwanda na Burundi. Nilibonyeza kitufe, nikasoma namba, nikamwambia dereva maneno yale yale: "Mbele kumezidi. Sogeza mzigo nyuma." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi kuliko Salamu Maria. Shule niliishia darasa la saba. Elimu nyingine niliiokota kwenye vipande vya magazeti yaliyofungia maandazi, ndiyo maana mambo mengi ninayajua mpaka katikati.

Sasa, mwaka jana palikuwa na kikao cha wazazi kwenye sekondari yetu. Mwalimu Eufrazia, binti wa fizikia anayefundisha kwa kujitolea, alisimama akasema kikundi chake cha sayansi kimetengeneza roketi. Watu wakashtuka. Akaionyesha: chupa ya soda ya lita moja na nusu, pua ya karatasi ngumu mbele, mapezi manne nyuma yaliyokatwa kwenye dumu la mafuta ya kula. Unatia maji kidogo, unajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, unafyatua, inaruka. Alitaka iruke Jumamosi, Siku ya Wazazi.

Mkuu wa Shule ni Madam Priscila, mama ambaye hata kuku wa jirani wakipita kwake hupanga mstari. Akauliza, "Na ikigeuka njiani ikaja kwa mgeni rasmi?"

"Kuna kipimo, Madam," alisema Eufrazia. "Kabla ya kuirusha unaifunga kamba katikati ya uzito wake, unaizungusha juu ya kichwa. Ikitangulia pua, imetulia. Ikipinduka, haifai."

"Umewahi kukifanya hicho kipimo?"

"Nimekisoma tu, Madam."

"Kusoma tu hakutoshi. Asipopatikana mtu aliyewahi kuifanya hiyo kazi, chupa zirudi stoo na kikundi kifungwe. Sitaki mtoto wa mtu atolewe jicho."

Kimya kikatanda. Mimi kimya kinaniwasha kama upupu. Na yule binti alikuwa ameishika chupa yake kifuani kama mtoto anayetaka kunyang'anywa. Nikasimama.

"Madam, mtu huyo ni mimi."

Nikawaeleza jinsi lori la ekseli saba lilivyofika kwenye mizani yangu likiwa limebeba roketi ya Wajerumani, nyeupe, ndefu kama kanisa lililolazwa. Jinsi Wazungu watatu walivyoshuka wakikuna vichwa kwa sababu roketi yao inayumba. Jinsi nilivyowaambia, "Leteni kamba." Jinsi nilivyowapimia, na mkubwa wao akalia, akataka kunipa binti yake, nikakataa kwa ajili ya mke wangu Domisiana. Wazazi wakapiga makofi. Domisiana mwenyewe, aliyekuwa amekaa upande wa akina mama, hakupiga. Alinitazama tu. Domisiana husema baadaye.

Madam Priscila akavua miwani. "Vizuri, mzee. Utaipima wewe. Ijumaa saa nne, mbele yangu. Ikitulia, itaruka Jumamosi. Isipotulia, kikundi kimekwisha."

Ndivyo ulimi wangu, usio hata na cheti, ulivyobebeshwa kikundi kizima cha sayansi.

Jumatano Eufrazia akaja nyumbani na roketi ndani ya mfuko wa mahindi, akanisalimu kwa adabu, akatoa daftari na kalamu. Niliipokea roketi kama mkunga. Nikaiweka juu ya kidole, nikaitafutia mahali inapokaa sawa bila kuinamia mbele wala nyuma. Hapo sikukosea, vidole vyangu vimezaliwa mizanini. Akafunga kamba pale pale, akaishikiza kwa selotepu.

"Babu, kitabu kinasema ikipinduka tuongeze uzito. Nimekuja na udongo wa mfinyanzi."

"Hatusubiri ipinduke. Tunaongeza sasa hivi. Nyuma."

Kalamu yake ikasimama. "Nyuma, babu? Si... si ingekuwa puani?"

Nikacheka kile kicheko cha wataalamu, kinachotokea puani. "Mwanangu, wewe una digrii, mimi nina ekseli. Kichwa cha kitu kinachosafiri lazima kiwe chepesi. Mzigo wote ekseli ya nyuma! Lori lililolemewa mbele linakufa Nyakahura, halifiki popote."

Akasema, "Sawa, babu." Akakanda gramu themanini za udongo, akazibandika mkiani kati ya mapezi. Mahali pa kusawazishia pakahama, tukaihamisha kamba.

Nikaenda uwanjani, kati ya matuta ya viazi vitamu, nikaanza kuzungusha.

Mzunguko wa kwanza ilikwenda ubavu. Wa pili ilitangulia mkia. Wa tatu iliamua kucheza ngoma yake yenyewe: pua, mkia, ubavu, pua, mkia, ikipuliza kama paka aliyekanyagwa. Nikadhani dawa ni kuongeza mwendo, nikaongeza. Kamba ikanizunguka shingo mara mbili, roketi ikanigonga sikio la kushoto, nikakaa juu ya tuta bila kukusudia. Dunia ikaendelea kuzunguka bila mimi.

Kutoka ng'ambo ya ua nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa Malongo, jirani yangu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga. Mimi na yeye tuna kesi isiyokwisha wala isiyoanza, ya ng'ombe zake na migomba yangu.

"Mayu wane!" alisema akijifuta machozi. "Mhangaza wa Ngara anapigana na chupa, na chupa inashinda!"

"Huu ni utaalamu, usiingilie!"

"Naona. Utaalamu umekukalisha kwenye viazi."

Eufrazia alinisaidia kusimama. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili. "Babu, ni keshokutwa," alisema taratibu. "Wanafunzi wameokota chupa tangu Januari. Wengine hawajawahi kutengeneza kitu chochote kikakubaliwa."

"Usihofu," nikamwambia. "Hata ya Wajerumani siku ya kwanza ilinipiga sikio."

Akaniachia roketi, akaondoka kichwa chini.

Ningekuwa mtu wa heshima ningemfuata nikamwambia ukweli. Badala yake nilikwenda kwa Malongo, na hata huko nikatafuta sababu ya uongo.

"Nimekuja kuomba samadi," nikasema.

"Samadi inaombwa na kamba shingoni?"

Nikajishika. Kweli, kamba ilikuwa bado shingoni. Nikakaa kwenye kigoda chake nikatoa yote: kikao, ahadi, Ijumaa, kikundi kitakachofungwa. Jambo la Wajerumani nililipitia kwa mbali. Malongo, ambaye shule aliiona kwa nje akipitisha ng'ombe, alisikiliza akiwa ameegemea fimbo. Halafu akaingia ndani, akatoka na mshale wa marehemu baba yake.

"Chuma kiko wapi?"

"Mbele."

"Manyoya?"

"Nyuma."

"Sasa wewe umekwenda kuweka chuma penye manyoya. Tazama."

Akaushika mshale kinyume, manyoya mbele, akaurusha kwa mkono kama mtu anayerusha kijiti. Ule mshale ulikwenda hatua tatu, ukajipindua wenyewe hewani mpaka chuma kikatangulia, ukaanguka. Akaurusha tena sawasawa. Ukaenda moja kwa moja ukajichoma kwenye kichuguu.

"Uzito unatangulia, manyoya yanafuata," alisema. "Upepo unayashika manyoya, unayarudisha nyuma. Mtoto anayechunga ndama analijua hilo."

"Lakini lori..."

"Lori lina matairi, bhabha. Linalalia ardhi. Hii loketi yako inalalia nini?"

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nikiamini najua habari za uzito, kumbe nilijua habari za lami.

"Malongo, niachie niitumie hiyo siri."

"Ukiulizwa ulijuaje, utasema nini?"

"Nitasema ni Malongo."

"Apa."

Nikaapa. Alhamisi tukabandua udongo mkiani, tukautia wote ndani ya pua, tukasogeza kamba mbele. Eufrazia alipofika na daftari lake nikazungusha. Pua ikatangulia, ikatulia, ikafuata duara kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Yule binti aliruka juu, akacheka kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Babu, umewezaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kulitaja jina la Malongo. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na pumzi. Nikasema, "Utaalamu, mwanangu."

Ijumaa saa nne uwanja wa shule ulijaa. Madam Priscila alikuwa mezani na fomu yake. Domisiana alikuja. Malongo naye alikuja, akasimama nyuma na mshale wake mkononi. Alisema anatoka kuunoa.

Nikazungusha roketi mara kumi, ikatangulia pua mara kumi. Makofi yakalia. Mwenye akili angeshukuru akaenda kunywa chai. Mimi nikapanda juu ya tofali nikahutubia.

"Ndugu wazazi! Siri ni uzito kukaa mbele. Jambo hili nililigundua mwenyewe pale mizani, nikawafundisha Wajerumani, na mpaka leo kwao wanaliita Kipimo cha Frednand!"

Nyuma kule Malongo akakohoa kikohozi kikavu.

Madam Priscila hakupiga makofi. Alinyoosha mkono akachukua daftari la Eufrazia. "Mwalimu huyu huandika kila jaribio," alisema, "na mimi husoma." Akasoma kwa sauti: "'Jumatano. Uzito gramu themanini, mkiani, kwa maelekezo ya mtaalamu. Matokeo: imepinduka mara tisa, imempiga mtaalamu sikioni.'"

Uwanja ukaangua kicheko. Sikio langu la kushoto likawaka lenyewe.

"'Alhamisi. Uzito ule ule, puani. Imetulia.'" Akafunga daftari. "Mzee Bigirimana, Kipimo cha Frednand kiligunduliwa zamani, kwa Wajerumani. Sasa kati ya Jumatano na Alhamisi kilitokea nini?"

"Jumatano nilikuwa nawapima nyinyi," nikasema.

"Frednand," alisema Domisiana. Jina tu. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mke akiliita jina lako namna hiyo, hata mbwa huondoka.

Madam akamgeukia Eufrazia. "Na wewe, ulijua kuwa nyuma si mahali pake?"

"Nilijua, Madam. Lakini mzee alikuwa ameshasema."

Hakuna aliyecheka hapo. Kila mtu pale uwanjani amelelewa hivyo, na wengi wetu tumewahi kuutazama ukuta ukijengwa kombo kwa sababu mzee ameshasema.

"Basi imetulia kwa bahati," alisema Madam Priscila. "Aliyeipima hajui kwa nini imetulia, na anayejua anaogopa kusema. Sirushi kitu cha namna hiyo juu ya vichwa vya watoto. Mwalimu, kusanya chupa."

Eufrazia akainama. Akaokota chupa ya kwanza, akaipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kuitia kwenye mfuko. Akaokota ya pili, akaipangusa nayo. Wanafunzi wake walikuwa wamesimama mstari, hakuna aliyesogea kumsaidia, kana kwamba wasiposogea halitatokea.

Niliteremka kwenye tofali.

"Madam, subiri. Si bahati. Anayejua yupo, ila si mimi. Ni Malongo. Mimi niliweka uzito nyuma kwa sababu ya malori, nikamtisha binti wa watu akanyamaza. Malongo akanionyesha kwa mshale, nikamwapia nitamtaja, sikumtaja. Kikundi hakina kosa. Kosa lote lina miguu miwili na limesimama hapa."

"Na Wajerumani?" aliuliza Madam.

Nikatazama juu. Mawinguni hakukuwa na msaada.

"Lilikuwa tangi la maziwa," alisema Domisiana kwa sauti safi ya mtu aliyesubiri siku tatu. "Tangi jeupe, linapelekwa kwa wafugaji wa Karagwe. Nilikuwepo, nimempelekea chakula. Wala hakulipima, siku hiyo mizani ilikuwa mbovu. Na huyo Mzungu wa kumpa binti alikuwa dereva wa Kahama, akimwomba chumvi."

Waliocheka walikaa chini kucheka vizuri. Mimi nilibaki nimesimama, maana hakukuwa na tuta.

Malongo akaitwa mbele. Akaeleza habari za mshale kwa maneno machache, akaurusha kinyume, kila mtu akauona ukijipindua. Halafu Madam akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akamwambia Eufrazia amalizie. Na Eufrazia akamaliza, bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa nini uzito ukiwa mbele upepo huyasukuma mapezi nyuma, na kwa nini mimi nilikuwa nimekosea tangu Jumatano asubuhi. Alilitaja kosa langu mara nne. Kila mara nilitikisa kichwa kukubali.

"Zungusheni tena," alisema Madam.

Malongo akashika kamba. Mtu aliyekua akirusha kombeo hafundishwi kuzungusha. Ile roketi ilikata hewa juu ya kichwa chake ikivuma, pua mbele, polepole, kwa kasi, ikipungua, ikitulia vilevile. Madam akachukua fomu. Penye jina la mwalimu aliandika Eufrazia. Penye jina la mtaalamu alimpa Malongo kalamu, naye akaandika jina lake herufi moja baada ya nyingine, kwa mkono mzito.

Jumamosi iliruka. Kikundi kipo mpaka leo, na sasa kina wanafunzi hamsini na watatu.

Jumapili baada ya misa wazee walinikalia kikao nyumbani kwangu, Domisiana akiwa mwenyekiti. Hukumu haikuchelewa: mtu aliyevaa sifa ya mwenzake hulipa mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anawahudumia wote yeye mwenyewe, na haonji mpaka wa mwisho afute mdomo. Tena kabla ya kumpa Malongo kibuyu cha kwanza, nimwamkie. Malongo ni mdogo wangu kwa miaka sita.

Nikaushika mtungi. Nikapiga goti moja. La pili linauma.

"Shikamoo, Malongo."

Akatazama migomba. Akatazama ng'ombe zake. Akapanga miguu yake vizuri.

"Marahabaaa," alisema, akaivuta mpaka kuku wakageuka. "Hujambo, mwanangu?"

Nikawahudumia wote. Nilipofika kwa Eufrazia, ambaye alikuwa akinywa soda, mgeni mmoja aliyekuwa njiani kwenda Kibondo aliniuliza hiyo roketi ilifika juu kiasi gani. Nikasahau nilipo.

"Baba, ile roketi ilipotea! Iliingia wingu, tukangoja, tukangoja. Kumbe Nyakanazi madereva wamesimamisha malori njia panda wanaitazama inapita, na mama mmoja wa wali-maharage aliacha sufuria ikaungua—"

Eufrazia akatoa daftari. Siku hizi haombi ruhusa.

"Tulipima kwa kipimapembe na uzi," alisema. "Mita thelathini na moja. Imeangukia paa la choo cha walimu."

Nikamtazama Domisiana. Domisiana akawatazama wazee. Malongo akageuza kibuyu chake juu chini kuonyesha kwamba kimekauka.

"Mtungi wa pili," alisema Domisiana.

Nikaenda kuuleta.